Naombeni ushauri: London au UDSM kwa anayetaka kazi za fedha za kimataifa?

Baba Ilham
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa mawazo, usingizi hauji. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu), nimepata wani ya pointi 6. Ndoto yangu ni fedha, na sizungumzii kukaa dirishani kuhesabu noti. Nataka zile benki za uwekezaji, watu wanaoshughulika na makampuni kununuana, au kusimamia mifuko ya uwekezaji. Kuna chuo London kimenipa nafasi, na hapa nyumbani naamini Bcom Finance ya UDSM sikosi. Ndugu mwingine anasema nijaribu Marekani. Kwa mwanafunzi anayetoka nje, kipi kinafungua mlango wa ajira? Walio kwenye fani nisaidieni. Matusi hapana, stress zinanitosha.

Kigoda cha Mbele
Nimekaa pale nasubiri wataalamu.

Mnyalu wa Houston
Dogo njoo Marekani, achana na Waingereza, kule hata chai wanakunywa kwa huzuni. Huku ukimaliza digrii unapewa OPT miezi 12 ya kufanya kazi kwenye fani yako, na kozi yako ikiwa kwenye kundi la sayansi na hesabu unaongezewa miezi 24. Ujanja ni huo: vyuo vingine wanasajili uchumi kama uchumi wa kihesabu, basi unaingia kwenye kundi. Mimi sikuambiwa, nikasoma biashara ya jumla, mwaka mmoja ukaisha nikajikuta nalea wazee kwenye nyumba zao za kutunzia. Nashukuru Mungu, nimejenga Mafinga. Ila kuna bibi mmoja pale alikuwa ananiita kwa jina la mumewe aliyekufa, nikawa naitika tu, siku zinaenda...

Chuma cha Reli
Mnyalu, Marekani ipi unayomwitia mwenzio? Watanzania tuliingizwa kwenye orodha ya vikwazo tangu Januari 2026, viza za wanafunzi zikiwemo. Na hata angepita, baada ya OPT inakuja bahati nasibu ya H-1B, viza yao ya kazi, nafasi 85,000 kwa dunia nzima, unagombea na Wahindi waliojipanga tangu chekechea.

Mnyalu wa Houston
Nilikuwa nampa moyo tu.

Ustadh Kipepeo
Mwanangu, kabla ya kuuliza chuo jiulize hiyo riba utaijibu nini mbele ya Mola wako. Elimu njema ni ile yenye baraka. Soma udaktari.

Tanga Line
Ustadh kwa heshima zote, Uingereza hao hao walitoa sukuk, yaani hati fungani ya Kiislamu isiyo na riba, ya serikali mwaka 2014, nchi ya kwanza nje ya ulimwengu wa Kiislamu. Mtoto anaweza kwenda kusomea hiyo hiyo unayoitaka. ECA na udaktari vinakutania wapi?

Mkaguzi Mstaafu
Baba Ilham, swali lako halijibiki lilivyo. Chuo gani, unaingia mwaka wa kwanza wa digrii au kwingine, na nani analipa hadi mwisho? Benki kubwa za pale zinavua zaidi LSE, Imperial, UCL, Oxford, Cambridge na Warwick. Na Warwick yenyewe haiko London, iko pembezoni mwa Coventry. Kwa hiyo "London" peke yake haijaniambia kitu.

Baba Ilham
Asante mkuu. Chuo nisikitaje, watu wa karibu watanitambua. Ni chuo kizuri, kiko karibu kabisa na Canary Wharf, wakala alinionyesha video, maghorofa ya mabenki unayaona dirishani. Ada kwa sasa si tatizo.

Mkaguzi Mstaafu
"Kwa sasa."

Dada Mwajuma B
Mimi pia hiyo "kwa sasa" nimeisoma mara mbili. Mdogo wangu alikwenda India na "kwa sasa" yake, muhula wa tatu tukaanza kuchangishana kwenye grupu la ukoo. Shangazi mmoja akajitoa kwenye grupu usiku wa manane, mpaka leo hatusalimiani naye vizuri. Sema ukweli, sisi ni wageni kwako, huna cha kuficha.

Baba Ilham
Sawa. Naanzia faundesheni, mwaka mmoja, halafu digrii miaka mitatu. Fedha iliyopo ni ya kiwanja cha marehemu baba kilichoko Goba, kama milioni 105. Mwaka wa kwanza inatosha, mingine nitafanya kazi. Wakala anasema wanafunzi wanaruhusiwa saa 20 kwa wiki, na wengi wanajisomesha hivyo. Halafu jamani, mtu akiona London kwenye CV hawezi kukulinganisha na wa huku, huo ni ukweli hata kama unauma. Na nafasi za muhula wa Septemba zinaisha, siwezi kukaa nasubiri.

Mkaguzi Mstaafu
Ahsante, sasa tunaongea. Ada ya faundesheni kiasi gani?

Baba Ilham
Pauni 16,500. Tumeshalipa 5,000 za kushikia nafasi.

Mkaguzi Mstaafu
Kumbe ushalipa. Ungeanza na hapo.

Haya tupige hesabu. Imebaki 11,500. Kwa viza wanataka uonyeshe pia pauni 1,529 za kujikimu kila mwezi ukiwa London, miezi 9, yaani 13,761, na zikae kwenye akaunti siku 28 bila kuguswa. Jumla 25,261. Hiyo ni zaidi ya milioni 80, juu ya zile 5,000 zilizokwishaondoka. Bado ada ya viza, na bima yao ya afya pauni 776 kwa mwaka ambayo unailipa kabla hujapanda ndege. Kiwanja kimeisha na digrii hujaianza.

Saa 20 ni za aliye kwenye ngazi ya digrii. Aliye chini ya hapo, na faundesheni ya peke yake iko chini, anaruhusiwa saa 10 wakati wa masomo. Chuo kikiwa ni kampuni binafsi isiyo na hadhi ya chuo kikuu, hata hizo 10 hupewi. Kima cha chini kwa wa miaka 18 hadi 20 ni pauni 10.85 kwa saa. Piga mara kumi uone kama inalipa hata chumba.

Linaloniudhi zaidi: kwa wani ya 6, nani kakupeleka faundesheni? Vipo vyuo vikuu Uingereza vinavyopokea cheti chetu cha kidato cha sita ukaanza mwaka wa kwanza moja kwa moja. Wakala analipwa kamisheni na chuo anachokupeleka, kwa hiyo anakupeleka kunakolipa.

Baba Ilham
Mkuu nakuheshimu, ila faundesheni inasaidia kuzoea mazingira na Kiingereza. Sijasoma shule za Kiingereza tangu chini. Na niliomba kabla matokeo hayajatoka, kwa cheti cha fomu foo. Wakala si mtu mbaya, anatupigia kila wiki kutujulia hali.

Kigoda cha Mbele
Anajulia hali kiwanja.

Bwana Hisa
Niko kwenye kampuni ya udalali wa hisa Dar, niseme langu. Hizo benki za London zinaanza kukunusa ukiwa mwaka wa kwanza. Kuna wiki maalumu wakati wa Pasaka, unaomba kabla hata hujajua maktaba iko wapi, halafu mafunzo ya kiangazi mwaka wa pili, na humo ndimo wanamoajiri. Mwaka wa faundesheni haupo kwenye hiyo ramani. Ukimaliza, ruhusa ya kubaki kutafuta kazi kwa wanaoomba kuanzia Januari 2027 ni miezi 18, si miaka miwili tena. Baada ya hapo mwajiri akudhamini kwa mshahara uliowekwa na serikali yao.

Mimi nilisoma Mlimani, hiyo hiyo UDSM, nikaanza CFA, mitihani ya kimataifa ya wachambuzi wa uwekezaji, nikiwa bado chuoni, wanakubali usiyebakiza zaidi ya miezi 23 kumaliza digrii. Wenzangu wawili wa darasa wako Nairobi kwenye mifuko, mmoja alikwenda kusoma masta Uingereza kwa Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hakutoa senti. Hiyo inataka uwe umeshafanya kazi miaka miwili. Jina la chuo cha nje linalipa zaidi likija kwenye masta, kwa fedha ya mtu mwingine.

Tanga Line
Na kama ni roho ya London tu inamsumbua, University of London wana digrii za uchumi na fedha za kusoma ukiwa huku huku, LSE ndio wanaosimamia taaluma. Hesabu zake si za mchezo lakini.

Pwagu
Samahani wakuu, kuna kitu kinanitatiza. ID inasema Baba Ilham. Nimepita kwenye nyuzi zake za nyuma. Februari aliuliza gia ya Noah inayogoma kuingia rivasi. Mwaka juzi aliuliza shule nzuri ya msingi Mbagala, mwanae anaingia la kwanza. Leo kamaliza fomu siksi. Jamani hii ni chai, tena ya maziwa.

Kigoda cha Mbele
😂😂 Nilijua. Mkaguzi kapiga hesabu bure.

Mkaguzi Mstaafu
Hesabu haiharibiki, itamfaa mwingine.

Dada Mwajuma B
Na mimi nimemtaja mpaka shangazi. Mungu anakuona Baba Ilham.

Baba Ilham
Si chai jamani! Akaunti ni ya kaka yangu, nimeingia kwa simu yake ya zamani, ndiyo ninayoitumia. Mimi ni msichana. Kwangu kufungua mpya iligoma. Nimeambatisha picha ya risiti ya malipo, jina langu nimefunika.

Pwagu
Binti wa kidato cha sita, wani ya 6, anashindwa kufungua akaunti ya jukwaa. Na anakwenda kufungua mfuko wa uwekezaji.

Mnyalu wa Houston
Binti? Karibu PM nikuelekeze vizuri.

Dada Mwajuma B
Mnyalu rudi kwa bibi yako.

Mkaguzi Mstaafu
Acheni utani kidogo. Nimeikuza hiyo picha. Jina la mlipaji limefunikwa, la mpokeaji halijafunikwa vizuri, na ni majina mawili ya mtu. Chuo hakipokei ada kwenye akaunti ya mtu binafsi. Benki ni ya hapa hapa Dar. Binti, wakala alikwambia kwa nini hamkulipa chuoni moja kwa moja?

Baba Ilham
Alisema akipeleka yeye kwa pamoja na wenzangu tunapata punguzo la makato. Ofa ninayo lakini, ina nembo na sahihi.

Bwana Hisa
Nembo hata mimi ninayo kwenye kompyuta.

Pwagu
Chai imeanza kuwa na ladha ya kweli, sasa naogopa.

Baba Ilham
Huyu ni mimi mwenyewe mwenye akaunti, naandikia kompyuta ya kazini. Nimeona taarifa za uzi ambao sijauanzisha. Ni kweli ni mdogo wangu na kiwanja ni cha marehemu mzee. Nilitia sahihi kiuzwe kwa makubaliano kwamba fedha ikae benki kwa jina la mama mpaka matokeo yatoke ndipo tukae wote wanne. Hiyo pauni 5,000 ndiyo naisikia hapa, na nyinyi. Mkaguzi, zinarudi hizo?

Mkaguzi Mstaafu
Kama zilifika chuoni, soma masharti kwenye barua ya ofa. Vyuo vingi hurudisha ukinyimwa viza, wakakata gharama zao. Ukighairi mwenyewe ni mazungumzo mengine. Kwanza ujue kama zilifika. Leo hii muandikie ofisi ya udahili, kwa anwani utakayoitoa wewe kwenye tovuti yao, si aliyowapa wakala. Taja namba ya ombi, uliza wamepokea kiasi gani na lini. Wakala asijue kwanza. Na dirisha la udahili la TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, liko wazi, aombe UDSM usiku huu, kuomba hakumfungi.

Ustadh Kipepeo
Na mirathi je, mligawa kwa mujibu wa sheria kabla ya kuuza?

Tanga Line
Ustadh, subiri kwanza.

Baba Ilham
Kaka naomba usimpigie mama sasa hivi, presha yake unaijua. Nakuja nyumbani.

Baba Ilham
Uje na hiyo barua. Na simu yangu.

Chuma cha Reli
Poleni familia. Mwenye akaunti, samahani kwa wakati mbaya, ile Noah gia ulitengenezea kwa nani? Yangu imeanza hivyo hivyo.