Naombeni ushauri: tasnifu ya kuta za domeini, nianzie upande upi?

Kijana_Chumbageni (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nipo Tanga, nafanya uzamili wa fizikia. Tasnifu yangu ni kuta za domeini (utando mwembamba unaotenganisha maeneo mawili yaliyotulia katika hali tofauti) kwenye nadharia za geji (zile zinazoeleza kani kati ya chembe) zenye supasimetri (ulinganifu unaoipa kila chembe mwenza wake). Msimamizi anataka nianze na vipimo vyote vinne (vitatu vya nafasi, kimoja cha wakati), nishuke mpaka ukutani. Mwenzangu anasema nianzie ukutani kwenyewe, vipimo vitatu, kwa njia ya wanafizikia Acharya na Vafa ya 2001. Aliyepitia hapa anishike mkono.

Mkata_Mkonge
LHC, ule mtambo wa Ulaya wa kugonganisha chembe, wameitafuta hiyo supasimetri hawajaiona. Nenda kiwanda cha saruji mkuu, kipo hapo hapo.

Bi_Pangani
Huyo mpite. Isipoonekana bado ni chombo: bila yake, hesabu nyingi za nguvu kali (pale chembe zinapoathiriana sana) hazishikiki.

Mdogo wangu, usichague kabla hujaikokotoa kwa mkono nadharia ya geji ya kundi SU(4), ile ya N=1 (supasimetri ya kiwango cha chini kabisa) isiyo na fleva (aina za chembe za maada). Vakuamu (hali tulivu za nishati ya chini kabisa) ni 4, na mvutano (nishati kwa kila eneo) wa ukuta unaoruka hatua k toka vakuamu moja hadi nyingine ni sawia na sin(πk/4). Hatua moja inatoa 0.707, hatua mbili inatoa 1. Kuta mbili za hatua moja zikikaa mbalimbali jumla ni 1.414, kwa hiyo zikishikamana nishati inapungua karibu asilimia 29. Hayo umeyapata kutoka juu, kwenye vipimo vinne. Sasa shuka: ukutani kuna nadharia ya Chern–Simons (nadharia ya geji ya vipimo vitatu) ya kundi U(2), ngazi ya 4 (namba nzima iliyo mbele ya fomula yake), nayo inahesabu kuta za hatua mbili aina 6. Mvutano peke yake usingekuambia hiyo 6. Halafu linganisha hatua 1 na hatua 3: mvutano uleule, aina 4 kila upande, ingawa moja ukutani ni U(1) na nyingine U(3). Hapo uduali (nadharia mbili tofauti, fizikia ileile) unanoga.

Mzee_wa_Raskazone
Bi Pangani kasema kweli, ila kwa tasnifu hapo ni pagumu, maana juu nguvu ni kali na huwezi kuhakiki kila hatua. Mimi ningehamia N=2 (supasimetri maradufu), U(1) yenye fleva mbili, walikopita wanafizikia Shifman na Yung mwishoni mwa 2002. Huko nguvu ni dhaifu, pande zote mbili unazikokotoa mwenyewe. Ukuta una vitu viwili vinavyotembea: mahali ulipo, na awamu (pembe fulani). Hiyo awamu, kwenye vipimo vitatu, ni fotoni (chembe ya mwanga) kwa sura nyingine. Hila ya mwanafizikia Polyakov. Ukitoka nje, kuna mrija wa flaksi ya sumaku (mistari ya sumaku iliyobanwa pamoja) unaoishia ukutani. Aliye ukutani anauona mwisho wake kama chaji ya umeme! Ithibitishe hiyo tu, sura nzima imejaa.

Kijana_Chumbageni
Shikamoo Mzee. Asante dada. Je, msimamizi akikataa N=2?

Mzee_wa_Raskazone
Marahaba. Mpelekee SU(4) ya Bi Pangani kwanza, ukurasa mmoja, ndipo uombe N=2. Makala zote zipo arXiv, hifadhi ya makala mtandaoni, bure. Pakua usiku, bando ni nafuu.