Tupeane uzoefu: neno "presha" limewahi kukuchanganya wapi?

Wakuu, salaam. Nianze na yangu ili msiseme nimekuja mikono mitupu.

Nina kijumba nimepangisha upande wa Nzuguni, na mambo ya maji kule ananiangalizia fundi bomba wa mtaani. Alfajiri moja ya mwezi wa sita, ile baridi ya Dodoma ambayo hata jogoo anafikiria mara mbili, meseji ikaingia. Simu ilikuwa chumbani kwa mama, usiku alikuwa anaongea na dada yake nami nikasahau kuichukua. Meseji yenyewe nimeitunza mpaka leo: "Bosi presha imepanda usiku imepasua. Hali mbaya njoo haraka na hela."

Kwetu baba mkubwa aliondoka kwa presha. Mshipa wa kichwani ulipasuka, hospitali hakufika. Kwa hiyo "presha" na "imepasua" vikikaa sentensi moja, kwa mama vina maana moja tu. Naamka namkuta ameshajifunga kanga ya pili, machozi yanamtoka, mjomba wa Kibaigwa ameshapigiwa na ameshapanda gari. Mama ananiuliza, "Ni nani jamani? Mbona hajaandika jina?"

Ilikuwa bomba. Usiku mtaa umelala, hakuna anayefungua koki, basi nguvu ya maji inabaki yote ndani ya bomba. Mchana kila mtu anachota, inagawanyika. Kiungio kimoja kikashindwa kuvumilia (alikiunga fundi huyohuyo, ila tuyaache hayo). Mjomba akafika saa tatu asubuhi na begi lenye kanzu ya msibani.

Leteni zenu.

Nesi wa Zamu

Mkuu nimecheka halafu nikajisikia vibaya, pole kwa baba mkubwa.

Sisi kituoni mtu akisema "nina presha" swali la kwanza ni "ya kupanda au ya kushuka?" Kuna dada alinijibu, "Ya mkopo." Nikamwambia hiyo hatuna kipimo chake.

Vituko ni vingi ila kuna viwili sivisahau. Wa kwanza mama mmoja alitembea kutoka stendi na kiroba cha unga kichwani, akafikia kwenye kiti moja kwa moja, nikampima: 162 kwa 94. Akaanza kusali kwa sauti. Nikamwambia mama yangu, kaa hapo kwenye benchi, usiongee na mtu, simu weka mbali, miguu chini usiikunje. Baada ya dakika kama kumi, 134 kwa 82. Namba ya juu ni nguvu ya damu pale moyo unaposukuma, ya chini ni pale unapotulia kati ya pigo na pigo, na presha inapanda ukipanda mlima, ukigombana, hata ukibanwa mkojo. Ndiyo maana hatumwambii mtu ana ugonjwa kwa kipimo kimoja. Ikirudia 140 kwa 90 au zaidi siku nyingine tena, hapo tunaanza kuzungumza.

Wa pili ni babu mkulima wa zabibu. Dawa alikuwa nazo, ila alizimeza siku "anapoisikia", yaani kichwa kikigonga. Kisipogonga anaziweka, anasema anabana matumizi. Presha ya damu kwa kawaida haisikiki. Alikuja kuletwa kwenye mkokoteni, upande wa kushoto wote umelegea, na vidonge vya miezi miwili viko mfukoni mwa koti.

Mleta uzi, swali: yule mama yako asubuhi ile, kuna mtu alimpima?

Spana Mkononi

Lori, Dodoma kwenda Singida mpaka Mwanza, miaka kumi na moja. Kwenye tairi sisi hatusemi presha, tunasema upepo. Presha ni ya dereva.

Nilipewa utingo mpya, kijana mwepesi, anapenda kazi kuliko akili. Tumefika Manyoni saa nane mchana, jua la kupasua mawe, mimi niko kwa mama ntilie. Yeye akachukua geji akapima tairi za moto, akaona zimepanda, akazitoa upepo zote "ili zisipasuke". Hakuniambia, alitaka nimsifu kesho yake. Tukalala palepale. Asubuhi zimepoa, ziko chini kabisa, na mimi siku hiyo nikaona uvivu kupiga rungu tairi kusikiliza mlio. Tairi yenye upepo mdogo inajikunja kila inapozunguka, na kule kujikunja ndiko kunakoipa joto. Kabla ya Ikungi ya nyuma kulia ikalia kama bomu. Upepo unapimwa tairi ikiwa ya baridi, basi.

Breki za lori nazo ni upepo. Ukiwasha asubuhi unasubiri mshale upande ndipo uachie. Nikampigia mke wangu kumwambia nachelewa, "nasubiri upepo ujae". Akaniuliza siku hizi naendesha ngalawa?

Ticha wa Bahi

Darasani hili neno linaitwa kanieneo. Kani juu ya eneo. Niliwauliza wanafunzi nani anajua presha ni nini, mkono mmoja ukanyooka: "Ni kitu anacho bibi." Mwingine: "Hata babu anacho ila cha kwake kinashuka."

Nikaacha kitabu, nikamtuma binti mmoja alete ndoo ya lita ishirini imejaa. Kilo ishirini hizo. Nikamwambia jitwishe bila kata (wengine mnaita ngata). Akakunja uso, ule ukingo wa chini ya ndoo unamkata utosini. Haya, kunja kanga, weka kata, jitwishe tena. Akatembea mpaka langoni anaongea na wenzake, mikono haishiki. Ndoo ileile, maji yaleyale, uzito haujapungua hata gramu. Kilichobadilika ni ukubwa wa sehemu unapokaa ule uzito. Darasa zima kimya, halafu mmoja nyuma akasema, "Kwa hiyo bibi zetu walikuwa wanajua fizikia?" Sikuwa na la kuongeza, nikafuta ubao.

Babu wa Mpwapwa

Hamjambo wanangu. Mimi najiuliza tu, shinikizo mmelipeleka wapi? Kiswahili kina neno lake, nyie kutwa presha, presha.

Ticha wa Bahi

Shikamoo mzee wangu. Shinikizo lipo, na kwenye karatasi za hospitali wanaandika shinikizo la damu. Ila mtaani limepewa kazi nyingine: kiongozi kajiuzulu kwa shinikizo, mtoto kaolewa kwa shinikizo. Nikimwambia mama ana shinikizo ataniuliza ni nani anayemshinikiza.

Babu wa Mpwapwa

Marahaba. Hapo umenena. Lakini kanieneo ndiyo nini sasa, si bora hiyo presha yenu.

Mama Makande

Mimi mtu wa Tanga, biashara ya chakula nimeanza hapa 2018, mwaka ule Dodoma ilipotangazwa jiji. Mwezi wa kwanza nilitaka kurudi kwetu. Maharage hayaivi! Kule pwani nayajua saa yake, hapa mkaa unaisha bado yanagongana mdomoni kama kokoto. Nikagombana na aliyeniuzia sokoni, nikamwambia ananipa ya mwaka juzi, akaapa kwa miungu yote.

Mteja wangu mmoja anayefundisha chuo ndiye alinitoa ujinga. Akasema shangazi, hapa tuko juu, mita 1,100 na ushei kutoka usawa wa bahari, hewa inayokandamiza sufuria yako ni ndogo kuliko ya Tanga. Maji yanaanza kuchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwenye 96 hivi. Yanatokota, yanaruka, unaona moto upo, kumbe joto la kuivisha ni pungufu, na ukiongeza mkaa unaongeza mvuke tu. Nunua sufuria ya presha, inafungia mvuke ndani, joto linapita 110 huko.

Nikanunua. Yule muuzaji nilimrudia nikamwomba radhi, akanipunguzia bei ya vitunguu. Ila siku ya tatu wateja wamepanga foleni, nikaona uvivu kusubiri mvuke uishe, nikalazimisha mfuniko. Namshukuru Mungu nilikuwa nimegeuza uso. Darini kuna maharage mawili mpaka leo, mwenye nyumba hajawahi kutazama juu.

Ghorofa ya Pili

Yangu fupi. Nilinunua hita ya bafuni, haiwaki. Nikabadilisha, ya pili haiwaki. Fundi wa tatu akaangalia tanki, akasema dada, hita ni nzima, maji hayana presha, tanki liko karibu sawa na kichwa chako. Likapandishwa mita tatu, ikawaka siku hiyohiyo. Hita ya kwanza nilishampa shemeji.

Mtumishi

Tuliohamishiwa huku tuna presha yetu: "Umeshanunua kiwanja?" Asubuhi ofisini, jioni kwenye daladala, Jumapili mchungaji. Nilikuwa sina shida na nyumba ya kupanga mpaka walipoanza kuniuliza. Nikanunua kwa presha, kipo kwenye korongo.

Mleta uzi

Nesi, umeniuliza nikanyamaza makusudi. Alipimwa. Mjomba baada ya kucheka sana pale kwenye bomba akasema twende duka la dawa tukamtulize dada yangu apime. Akapumzishwa vizuri kama ulivyosema, bado ilikuwa 168 kwa 102. Tukadhani ni ule mshtuko, tukarudi baada ya siku mbili, kisha kituo cha afya wiki iliyofuata. Haikushuka. Yeye hakuwahi kuumwa hata kichwa.

Sasa anameza kila asubuhi na chumvi ameiondoa mezani. Fundi nilimwambia kila meseji aanze na neno "maji". Jana mama kanipigia nikiwa kazini, furaha tupu: "Mwanangu, presha imeshuka!" Nikamuuliza, yako au ya bombani? Akasema zote mbili, nipite na ndoo.