Mercedes W124: bushi mpya za mbele zimepasuka baada ya miezi saba

BintiWaDonholm aliandika:

Hamjambo nyote. Nina Mercedes 230E ya mwaka 1991, bodi ya W124, aliyoniachia marehemu baba. Ndiyo inayompeleka mama kliniki kila Jumanne na Ijumaa, kutoka Donholm hadi hospitali ya Kenyatta, hapa Nairobi. Mama ana uti wa mgongo usiostahimili mtikiso, kwa hiyo hili jambo kwangu si la urembo wa gari.

Mwezi wa pili mwaka jana lilianza kugonga mbele kushoto. Ukipanda tuta unasikia "ko", ukishuka "ko" tena. Nikikanyaga breki pale Outering usukani unavuta upande. Fundi mmoja wa Industrial Area akaniita nichungulie: mpira wa bushi, vile viungo vya mpira na chuma vinavyounga mikono ya chini ya gurudumu na bodi ya gari, umechanika na chuma cha kati kimelala upande. Tukabadilisha zote nne. Nilienda kununua mwenyewe Kirinyaga Road, na sikuchukua za bei ya chini. Shilingi 14,800 za bushi, 6,000 za kazi. Gari likatulia kama siku za baba.

Mwezi wa tisa kelele ikarudi. Juzi nimeingia chini na tochi. Mpira mpya una ufa unaozunguka chuma cha kati, na ufa uko namna ileile kulia na kushoto. Fundi anasema niliuziwa bandia. Muuzaji anasema fundi alizigongelea kwa nyundo. Nimebaki katikati yao, na mama anashikilia mlango kila tuta.

Je, niweke zile ngumu za poliyurethani, aina ya plastiki, ambazo watu wanasema hazifi? Ama kuna jambo sijaliona?

JiraniWaUmoja alijibu:

Pole sana dada. Bandia zimejaa mjini, hata boksi linafanana. Mimi nilichoka, nikachongewa bushi kutoka tairi kuukuu. Zimekaa mwaka mzima, ingawa sasa nasikia kila kokoto ya barabara hadi kwenye meno.

MzeeWaShimo alijibu:

Binti, salamu kwako na kwa mama. Hii kazi ya chini ya gari nimeifanya miaka 27, kumi ya mwisho kwenye shimo langu mwenyewe la kukagulia magari huku Kariobangi. Kabla hatujamhukumu muuzaji, nijibu swali moja. Fundi alipokaza zile bolti mara ya mwisho, gari lilikuwa limesimama kwa tairi zake, au tairi zilikuwa hewani?

BintiWaDonholm aliandika:

Shikamoo mzee. Lilikuwa juu ya stendi, nilikuwepo. Alikaza kwa nguvu zake zote, akarudisha tairi, akashusha jeki, nikalipa.

MzeeWaShimo alijibu:

Marahaba. Basi nadhani ugonjwa tumeupata, na ni ugonjwa unaoua bushi nzuri kila siku katika mji huu.

Watu hudhani bushi inazunguka kama bearingi. Haizunguki. Mpira umeshikamana na chuma cha kati kwa ndani, na kwa nje umebanwa kwenye mkono. Ukikaza bolti, chuma cha kati kinashikwa na bodi ya gari, hakisogei tena. Kuanzia hapo kila mkono unapopanda au kushuka, ni mpira wenyewe unaojinyonga kisha unarudi. Ndivyo ulivyoundwa: kunyongwa kidogo juu, kidogo chini, na katikati upumzike.

Sasa fundi amekaza tairi likiwa linaning'inia. Hiyo katikati ya kupumzikia ameiweka kule chini kabisa. Akishusha jeki, mkono unapanda, na mpira unanyongwa kabla hata hujawasha injini. Usiku umeegesha, umelala, mpira bado umenyongwa. Asubuhi unapiga tuta, unanyongwa zaidi ya hapo. Chukua kitambaa kibichi, kinyonge nusu, kiache hivyo kwenye kamba, halafu kila mara ukipita ukinyonge tena. Kitachanika wapi? Palepale kinaposhikwa. Ndiyo maana ufa wako unazunguka chuma cha kati, na ndiyo maana kulia na kushoto zinafanana. Bushi iliyopigwa nyundo huwa na kovu kwenye ukingo, na mara nyingi ni upande mmoja tu. Bandia siwezi kuikataa bila kuishika, lakini hata ile ya kiwandani kabisa, ukiikaza hivyo, itakufia.

Kazi yenyewe ikirudiwa, nakuomba usimame hapo na uangalie mambo haya. La kwanza linahusu uhai wa mtu. Kwenye W124 springi ya mbele haikuzungushwa kwenye shokabsoba. Imekaa peke yake, imebanwa juu ya huo mkono wa chini. Mkono ukifunguliwa ovyo, springi inatoka kama risasi. Nimewahi kuona moja ikiruka kwenye karakana ya jirani, kijana alikuwa ameifunga kwa mnyororo wa baiskeli. Ilipita karibu na sikio lake ikatoboa mlango wa mabati, na tulikaa kimya wote muda mrefu. Kuna kibanio chake maalumu kinachoingia ndani ya springi, sahani mbili na bolti ndefu katikati. Ukimwona fundi hana, chukua funguo zako uondoke.

Halafu zile bolti za ndani za mikono hii si za kawaida. Zina duara ambalo kitovu chake hakiko katikati. Ukizigeuza, mkono unasogea, na hapo ndipo mlalo wa tairi za mbele unaporekebishwa. Kabla ya kulegeza, fundi atie alama ya rangi, ili azirudishe karibu na zilipokuwa. Haiondoi haja ya alaimenti, yaani kupima na kunyoosha tairi, bado utaenda, lakini angalau utafika huko bila kuvutwa na tairi.

Kuziingiza ni kwa presi, ikisukuma ukingo wa nje na si mpira. Zikigoma, maji ya sabuni. Asipake grisi wala oili, mpira wa kawaida unavimba na kuoza kwa oili. Na kama gari linadondosha oili ya injini au ya usukani juu ya bushi, ziba hapo kwanza.

Mwisho ndiyo penyewe. Bolti zishikwe tu, zisikazwe. Rudisha tairi, shusha gari mpaka lisimame kwa uzito wake, lisukumeni mbele na nyuma mita mbili tatu, bonyezeni boneti mara kadhaa likae. Kisha liendeshwe juu ya shimo, na fundi akaze kutoka chini, kwa spana ya torki inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha gari hilo. Asiye na shimo apandishe tairi juu ya mbao nene. Shimo langu nililichimba kwa sababu hii hasa.

Poliyurethani sikushauri. Haijinyongi, inazunguka, kwa hiyo hili kosa la kukaza haliiumizi sana, na inastahimili oili. Lakini ni ngumu. Mtetemo ambao mpira ungeumeza utapanda hadi kwenye kiti cha mama yako. Gari lile liliundwa kwa mpira, na utulivu unaoukumbuka wa siku za baba ulikuwa wa mpira.

MkaziWaSouthB alijibu:

Mzee amesema kweli tupu. Nina BMW E39 ya mwaka 2000, na kitabu cha mafundi hakiishii kwenye gari tupu: kilo 68 kwenye kila kiti cha mbele, 68 nyuma, 21 kwenye buti, tanki limejaa, ndipo ukaze. Tulipakia mifuko minne ya saruji na ndoo ya mchanga. Fundi alidhani nimechanganyikiwa, lakini hiyo ni karibu miaka mitatu na usukani hautetemeki. Kabla ya hapo, nikifunga breki kwenye kilomita 80 au 90 kwa saa, ulikuwa unatikisika mikononi. Wenye gari kama langu waangalie pia unyevu mweusi kwenye bushi za mikono ya mbele. Zina majimaji ndani, zikivuja zimekwisha hata kama mpira unaonekana mzima.

BintiWaDonholm aliandika:

Narudi na majibu, wiki tano baadaye.

Nilinunua seti nyingine, safari hii za kampuni ya Lemförder, na nikatafuta fundi mwenye kibanio cha springi na shimo. Alinikubalia nikae. Bushi za zamani zilipotoka nilizishika mkononi: mpira ulikuwa bado laini, unanukia upya, hauna kovu la nyundo hata moja. Ni ule ufa tu, umekata kuzunguka chuma kama uliochorwa kwa wembe. Nilimpigia muuzaji simu nikamwomba radhi, kwa sababu nilikuwa nimemsema vibaya kwa watu.

Fundi alitia alama za rangi nyeupe, akaziingiza kwa presi, akashikisha bolti. Aliposhusha gari nilimwambia tulisukume kwanza. Hakubisha. Tukaliingiza juu ya shimo, na mimi nikakaa kwenye kiti cha dereva wakati anakaza, mama akiwa kando yangu, maana alikataa kushuka. Alaimenti siku hiyohiyo.

Ijumaa iliyopita mama alilala kuanzia Hamza. Tulipita City Stadium hajaamka.

Mzee, nauliza la mwisho. Nyuma kulia nasikia mlio mdogo nikipakia mizigo. Nako ni bushi?

MzeeWaShimo alijibu:

Mungu amweke mama. Kuomba radhi kwa muuzaji ni jambo kubwa, wengi hawafanyi.

Nyuma kila gurudumu lina mikono mitano, mfumo ambao Mercedes walianza nao kwenye 190 mwaka 1982, na karibu kila mkono una bushi mwanzo na mwisho. Usikubali kubadilishiwa yote kwa kubahatisha. Liweke juu ya shimo likiwa limesimama kwa tairi, mtu mmoja apande na kushuka kwenye buti, wewe gusa kila kiungo kwa vidole. Kinacholia utakihisi kabla ya kukisikia. Kipulizie maji ya sabuni. Mlio ukikatika ghafla, ndicho. Na kukaza ni vilevile, uzito ukiwa chini.