Tupeane uzoefu: unawapangaje kumi bora wa Tour de France, zile mbio za baiskeli za Ufaransa, kabla hawajaanza kukanyaga?

MnyororoMkavu

Wakuu, uzi huu ni wa njia, si wa ushabiki. Kila msimu mikeka yetu inachanika palepale: nafasi ya 1 na ya 2 karibu kila mtu anazipata, kuanzia ya 3 kushuka ni kurusha jiwe gizani. Kila mmoja aweke hapa anaangalia nini, anaanza na kipi, na njia yake hukosea wapi. Tuipimie kwa Tour ya 2025 maana matokeo yake yako wazi: Pogačar, Vingegaard (nyuma kwa dakika 4 na sekunde 24, yaani 4:24), Lipowitz (11:00), Onley (12:12), Gall (17:12), Johannessen, Vauquelin, Roglič, Healy, Jegat (32:42).

Pointi za mchezo wetu wa kubashiri ni zilezile: 5 ukipatia mtu na nafasi yake, 2 akiwa ndani ya kumi lakini nafasi siyo. Karatasi ya ubashiri inafungwa saa moja kabla ya hatua ya kwanza.

Kabla hamjaandika, tazameni hizo tofauti. Kutoka wa 1 hadi wa 2 ni dakika nne na ushee. Kutoka wa 5 hadi wa 10 ni dakika kumi na tano na nusu. Huko chini wanashindana mbio nyingine kabisa.

GiaNdogo

Ramani kwanza, majina baadaye. Chukua hatua zote 21, zigawe: tambarare, vilima, zinazoishia mlimani, na zile za mtu mmoja mmoja kushindana na saa. Kila hatua iandikie sekunde ambazo mgombea wako anaweza kupoteza kwa aliye bora siku hiyo.

Tambarare andika sifuri. Kundi lote linapewa muda mmoja, na kwa kawaida anayeanguka ndani ya kilomita 3 za mwisho anapewa muda wa kundi alilokuwa nalo. Kinachoharibu sifuri hiyo ni upepo wa ubavu. Hatua ya kwanza ya 2025 pale Lille haikuwa na mlima wa kutisha, lakini kundi lilikatika kwa upepo, Evenepoel na Roglič wakaacha sekunde 39 pale. Upepo ukipiga ubavuni waendeshaji hujipanga kwa mshazari ili kila mmoja apate kivuli cha mwenzake. Upana wa barabara ukiisha, anayebaki ukingoni hana mgongo wa kujificha, anachoka, pengo linafunguka mbele yake. Kwa hiyo kwenye hatua za mashamba wazi usiangalie miguu ya kiongozi wako. Angalia kama ana wasaidizi wawili wanene wa kumkatia upepo.

Hatua za saa zina hesabu nzuri kuliko zote. Caen 2025, kilomita 33 tambarare: Vingegaard alipoteza 1:05 kwa Pogačar, yaani kama sekunde 2 kwa kila kilomita. Peyragudes, kilomita 10.9 za kupanda: sekunde 36, yaani zaidi ya 3 kwa kilomita. La Planche des Belles Filles 2020, kilomita 36.2 zenye mlima mwishoni: Roglič aliachwa 1:56, tena 3 na kitu kwa kilomita. Mlimani kilomita moja inachukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo tofauti ileile ya nguvu inazaa sekunde nyingi zaidi. Wengi wanaona “kilomita 11 tu” wanaandika sekunde 10. Hapo ndipo pa kwanza kukosea.

Zinazoishia mlimani: mlima wa kilomita 10 na zaidi wenye mwinuko wa asilimia 7 kwenda juu, mpe mtu wa nafasi ya kumi dakika 3 hadi 5 nyuma ya mshindi. Mlima wa Hautacam peke yake ulimpa Pogačar 2:10 dhidi ya Vingegaard, mtu wa pili.

Sekunde za bonasi ni 10, 6 na 4 kwa watatu wa kwanza mwisho wa hatua, isipokuwa kwenye hatua za saa. Zinawasaidia wenye mfyatuko wa mita 200 za mwisho. Kwa nafasi ya 5 kushuka zisahau.

PedeliMoja

Nakubaliana na @GiaNdogo ila ramani haikupi majina. Majina yanatoka Juni. Mwaka 2025 kulikuwa na mbio mbili za hatua nane kila moja: Critérium du Dauphiné huko Ufaransa na Tour de Suisse huko Uswisi. Dauphiné ya 2025: Pogačar, Vingegaard, Lipowitz, Evenepoel, Johannessen. Suisse: Almeida, Vauquelin, Onley. Sasa rudi kwenye orodha ya mwenye uzi. Katika saba wa kwanza wa Tour, angalau sita walishajionyesha Juni, wazi kabisa, wiki chache kabla.

Ila usisome nafasi tu, soma siku. Mtu aliyemaliza wa tano kwa sababu alipoteza dakika kwenye hatua ya saa halafu akapanda milima na wa kwanza ni tofauti na aliyemaliza wa tano kwa kuchomoka siku moja akapewa dakika mbili za bure. Wa kwanza mweke. Wa pili mpunguzie.

Na anayeshuka kutoka kambi ya mazoezi ya juu milimani huwa mzito siku mbili tatu za mwanzo. Akikwama hatua ya 2 lakini akang'aa ya 7 na ya 8, hiyo ni dalili njema. Kinyume chake ndiyo ya kuogopa.

Mgeni_Bado

Samahani wakuu, Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu 2024 na akavaa jezi ya kijani. Kwa nini hamna anayemweka kwenye kumi?

PedeliMoja

Karibu ndugu. Jezi ya kijani ni ya pointi: wanaohesabiwa ni wanaowahi mstari wa mwisho na vituo vya katikati. Jezi ya njano ni jumla ya muda. Girmay ni mtu wa spidi. Mlima mkubwa ukianza anarudi nyuma kwa makusudi na kundi la wenzake, wanahesabu tu wasipitwe na muda wa kikomo. Anaweza kupoteza dakika 30 kwa siku moja na isimkoseshe usingizi.

GiaNdogo

Kwa wanaotaka kupima mpanda mlima bila kuwa na kipimo chake cha nguvu. Unahitaji urefu wa mlima, mwinuko wa wastani, na muda wake.

Alpe d'Huez: kilomita 13.8, asilimia 8.1. Zidisha, unapata mita 1,118 za kwenda juu. Akitumia dakika 40, kwa saa nzima angepanda mita 1,677. Sasa chukua 200, ongeza mwinuko mara 10 (81), unapata 281. Gawanya 1,677 kwa 281: takriban wati 5.97 kwa kila kilo ya mwili. Chini ya 5.8 kwa dakika 40 mwisho wa siku ndefu, kumi bora ni ya kugombania. Juu ya 6.2, unaongelea jukwaa la watatu wa kwanza.

Inapokosea: upepo wa nyuma unamdanganya mtu kuwa bora, mlima wenye mwinuko mdogo, tuseme asilimia 5, unafanya aliyekaa mgongoni mwa wenzake aonekane sawa na aliyevuta, na kila mtu anaanzia kupima sehemu yake, huyu darajani, yule kwenye kona ya kwanza. Linganisha watu wa siku moja, mlima mmoja. Ukilinganisha mwaka na mwaka utajidanganya.

MkatiUpepo

Mnasahau kazi. Kila timu ina watu wanane na kila mmoja ana kazi aliyopewa kabla ya kupanda ndege. Mtu mwenye miguu ya nafasi ya 5 akiwa msaidizi atavuta kwenye mlima wa mwisho mpaka akate moto, atakaa pembeni, atafika dakika 12 baadaye akila sandwichi. Simon Yates alishinda Giro (mbio kubwa za Italia) ya 2025, Tour akaja kama msaidizi wa Vingegaard, akachukua hatua moja na basi. Waliomweka kwenye kumi kwa sababu ya Giro walisoma jina, hawakusoma kazi.

Wasaidizi wa aina mbili watenganishe. Wa mwisho kubaki na kiongozi mlimani hupoteza muda kidogo na anaweza kuingia kumi bora: Almeida alikuwa wa 4 mwaka 2024 akimfanyia kazi Pogačar. Anayevuta mwanzo wa mlima haingii kamwe. Kuwajua, tazama mbio za Juni: nani alikuwa mbele kilomita 8 kabla ya kilele, na nani kilomita 2.

Timu yenye viongozi wawili weka wote, anza na kijana. 2025 Roglič ndiye aliyekuwa na jina, mwenzake wa timu Lipowitz akawa wa 3, Roglič mwenyewe akawa wa 8.

MnyororoMkavu

@MkatiUpepo hapo kwa Almeida umegusa kidonda. 2025 alikuwa ametwaa mbio za Itzulia (Hispania), Romandie (Uswisi) na Suisse. Kwa vipimo vyote mlivyoandika hapa anakaa nafasi ya 3 au 4. Akaanguka hatua ya 7, ubavu ukavunjika, hatua ya 9 akateremka baiskeli. Mnafanyaje na hilo?

MkatiUpepo

Huwezi kulijua, ila unaweza kulipangia. Kila mwaka mmoja au wawili wa juu wanaondoka. 2023 Carapaz na Mas waliumia siku ya kwanza kabisa. 2024 Roglič alianguka hatua ya 12, ya 13 hakuanza. 2025 Almeida, kisha Evenepoel akiwa wa 3 akaacha kwenye mlima wa Tourmalet hatua ya 14. Kwa hiyo mtu unayemwona wa 7 kwa miguu, mwandike wa 6 au wa 5, maana walio mbele yake watapungua.

Halafu kuna wanaoanguka zaidi ya wenzao. Roglič alianza Tour ya 2021, 2022, 2024 na 2025, amemaliza moja. Huyo ni wa pointi 2: mtupe nafasi ya 8 na uendelee.

KGL_Mlimani

Salamu kutoka Kigali. Hizo hesabu zenu msizilete Tour du Rwanda jinsi zilivyo. Ni siku nane, kwa kawaida za Februari, ni kupanda na kushuka asubuhi hadi mchana kwenye mwinuko wa mita 1,500 hadi 2,000 na zaidi juu ya bahari. Mshindi mara nyingi anatofautiana na wa pili kwa sekunde, si dakika. Kwa hiyo bonasi ambazo @GiaNdogo kasema zisahauliwe, huku ndizo mbio zenyewe. Tafuta anayepanda vizuri na ana mfyatuko mwishoni, hasa kwenye mizunguko ya jijini yenye barabara za mawe.

Kosa la pili ni uzalendo. Wanyarwanda walishinda mara tano mfululizo, 2014 mpaka 2018: Ndayisenga, Nsengimana, Ndayisenga tena, Areruya, Mugisha. 2019 mbio zikapandishwa daraja, timu kubwa zikaja, na mpaka 2025 hakuna tena Mnyarwanda aliyeshinda. Waeritrea ndio waliohimili: Kudus 2019, Tesfatsion 2020 na 2022, Mulubrhan 2023.

Kwa Wazungu angalia vijana wa timu za maendeleo, si majina. Froome mzaliwa wa Nairobi alikuja na Tour nne kabatini, macho yote kwake. 2024 akashinda Blackmore, mtu wa timu ileile ya Froome, na Agosti akachukua Tour de l'Avenir, mbio za vijana huko Ufaransa.

GiaNdogo

Asante kwa hilo la bonasi, nimepokea.

Niongeze tahadhari moja kuhusu “sheria” tunazojitungia. 2022 Pogačar alipasuka, yaani aliishiwa nguvu, kwenye mlima wa Col du Granon, mita 2,413. 2023 akapasuka Col de la Loze, mita 2,304, akapoteza karibu dakika sita. Watu wakaandika kwamba juu ya mita 2,000 hawezi. Wakasahau kuwa 2023 alivunjika mkono Aprili kwenye mbio za Liège–Bastogne–Liège na maandalizi yakakatika. 2025 wamerudi Loze ileile, kafika mbele ya Vingegaard. Matukio mawili si sheria. Tafuta kwanza sababu ya kila moja.

PedeliMoja

Na kuna kile ambacho hakipimiki kwa wati. Giro 2025, hatua ya 20, mlima wa Colle delle Finestre, juu kule vumbi na changarawe. Del Toro anaongoza, Carapaz nyuma yake sekunde 43, Simon Yates 1:21. Yates anaondoka. Wawili wa mbele wanatazamana: ukimfuata yeye, mimi nakaa mgongoni mwako. Hakuna aliyevuta. Upande wa pili Van Aert alikuwa ametangulia na waliochomoka, anamsubiri Yates amkatie upepo bondeni. Mwisho wa Giro Yates mbele kwa 3:56. Kwa hiyo watu wawili wakikaribiana sana juu ya msimamo, mpe nafasi kubwa wa tatu mwenye msaidizi mbele.

Mgeni_Bado

Nimefuata yote nimepata wanane. Nafasi ya 9 na ya 10 sasa nawatoa wapi?

MkatiUpepo

Kwa waliochomoka. Wiki ya pili na ya tatu, wenye njano wanaruhusu kundi la mbele liende ilimradi ndani yake hakuna wa kuwatisha. Mtu aliye wa 12, nyuma kwa nusu saa, akiingia humo anapewa dakika sita saba kwa siku moja. Healy 2025 alichomoka hatua ya 10, akavaa njano, akamaliza wa 9. Jegat alichomoka hatua ya 20 kwenda Pontarlier, akamtoa O'Connor kwenye nafasi ya 10 siku moja kabla ya Paris. Guillaume Martin 2021 alifanya hivyohivyo hatua ya 14, akaishia wa 8.

Sifa zao zinafanana: anapanda vizuri lakini si kama watano wa juu, haogopi kuvuta upepo, na hana kiongozi wa kumhudumia. Timu ndogo za Kifaransa ndiko wanakojaa, kwa sababu kwao nafasi ya 10 ya Tour ni habari ya ukurasa wa mbele. Weka wawili wa namna hiyo mwishoni mwa karatasi, na ufanye hivyo dakika za mwisho, ukishaona orodha ya wanaoanza. Jina likibadilika asubuhi ile, karatasi iliyotumwa jana hairudi.