Naomba ushauri: nawapata wapi wasomaji wa Kezilahabi?

Mpweke wa Maktaba (mtoa mada): Wakuu, habari. Nimesoma riwaya zote sita za Euphrase Kezilahabi, kuanzia Rosa Mistika ya 1971 hadi Mzingile ya 1991, nyingine nimezirudia mpaka karatasi zinaachia. Shida yangu sina wa kuzungumza naye. Nilikuwa na kundi, likafa tulipofika riwaya yake ya Nagona. Nikimaliza sura nabaki nayo kifuani, usingizi hauji. Wenzangu mliwapata wapi wa kusoma nao?

Shangazi Vitabu: Mwanangu, Rosa Mistika niliisoma kwa kificho, enzi zile imepigwa marufuku mashuleni. Tulikuwa tunapokezana nakala moja, tumeivalisha jalada la daftari la hesabu. Baba yangu alikuwa mkali kama Zakaria, baba yake Rosa, kwa hiyo Rosa alipojiua nililia usiku kucha, na wenzangu bwenini wakalia. Wasomaji wenzangu wa kwanza ndio hao.

Mzee Tulia: Unajichosha bure, kijana. Rosa anajiua, Kazimoto katika Kichwamaji anajiua, Tumaini katika Dunia Uwanja wa Fujo ananyongwa. Rudi kwa Shaaban Robert, soma Adili na Nduguze, utalala.

Kitendawili: Mtoa mada, kundi lilikufaje?

Mpweke wa Maktaba: Nagona ni ngumu, watu wakapungua.

Kitendawili: Walipungua au walipunguzwa?

Mpweke wa Maktaba: Sawa, niliwaondoa walioishia kurasa za mwanzo. Na nimeshafungua kundi jipya, sharti lake mtu asome zote sita kwa mpangilio wa miaka. Nisikilizeni kwanza. Kazimoto wa Kichwamaji anahangaika na maana ya maisha, lakini ana wazazi, ana kijiji, ana watu wa kugombana nao. Kwenye Nagona vyote hivyo vimeondolewa, limebaki swali tupu. Mtu akianzia huko atasema "haieleweki", na mjadala umekwisha.

Mama Subira: Hicho ni kiburi, mwanangu. Asiyeelewa ndiye wa kumshika mkono. Ukimfukuza, umebaki na nani?

Shangazi Vitabu: Na sisi bwenini hatukuwa na mpangilio wowote. Tulisoma kilichopatikana.

Jicho Kavu: Hii chai. Mtu ameshafungua kundi na masharti yake, ushauri wa nini? Huyu ni mwanafunzi anaokota hoja za insha. Haya, jibu: Gamba la Nyoka inaunga mkono ujamaa au inaupinga?

Mpweke wa Maktaba: Siwezi kukupa upande mmoja. Riwaya ile ni ya 1979, vumbi la kuhamishia watu vijijini halijatulia. Naisoma nikiona wazo lenye nia njema likifika kijijini kwa nguvu, na watu wanaoumia si wajinga wala wabaya. Kila nikiirudia nahama upande. Ndiyo maana nataka mtu wa kubishana naye, sina insha yoyote ya kuandika.

Jicho Kavu: Mwanafunzi angechagua upande. Basi nakuamini. Mimi Gamba la Nyoka na Kichwamaji nimezimaliza, ila Nagona niliiacha njiani. Kwako naingia au siingii?

Mama Subira: Mjibu hapa hapa, tukuone.

Mpweke wa Maktaba: Sharti la mpangilio bado nalitetea. Lakini ulipoiacha Nagona ulikuwa umechoka au umeogopa? Mimi mara ya kwanza niliogopa. Niambie ulipoishia, tuanzie hapo.