Mapigo 142 yananilazimisha kutembea: nakosea wapi?

Mzizima38
Wakuu, salaam. Nina miaka 38, nakimbia siku nne kwa wiki hapa Dar, lengo ni kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi. Kwa kanuni ya 180 kutoa umri, inayoweka kikomo cha mapigo ya moyo kwenye mbio za kujenga pumzi, nimepata mapigo 142 kwa dakika. Nikikaa chini ya hapo, kilomita moja iliyokuwa dakika 6:00 inakwenda 8:40, na kila kimlima natembea. Halafu saa ya mkononi inasoma 172 dakika ya pili tu, hata sijaanza kuhema. Wiki ya tatu sasa. Ndivyo ilivyo kweli?

PumziNdefu
Mkuu, anza na hiyo 172, maana ukifuata namba ya uongo mengine yote yanaharibika. Saa inasoma damu kwa mwanga. Ikilegea inachezacheza kila unapokanyaga, na mwisho inahesabu hatua badala ya mapigo. Wengi wetu tunakanyaga hatua 160 hadi 180 kwa dakika, kwa hiyo 172 yako inanukia hatua. Hakikisha hivi: simama, weka vidole viwili shingoni pembeni ya koromeo, hesabu sekunde 15 papo hapo kabla mapigo hayajashuka, zidisha kwa 4. Ukihesabu 34, ni 136, saa inakudanganya. Ipandishe vidole viwili juu ya kifundo na uikaze. Ikigoma, tafuta mkanda wa kifuani, na ulowanishe sehemu zinazogusa ngozi kabla ya kutoka. Mkanda mkavu nao huruka namba.

Kutembea mlimani si kosa hata kidogo. Tembea mpaka mapigo yashuke hadi 132 hivi, ndipo uanze tena kukimbia taratibu.

Na hiyo kanuni ya 180, iliyotungwa na Phil Maffetone, kocha wa Marekani, haiishii kwenye kutoa umri. Ukiwa unatoka kwenye ugonjwa mkubwa unapunguza 10 zaidi. Ukiwa na jeraha, mafua ya mara kwa mara au ndio unaanza, unapunguza 5. Mwenye zaidi ya miaka miwili ya mazoezi bila jeraha, na anaendelea kuimarika, anaongeza 5. Anayemeza dawa za presha za jamii ya atenolol asiitumie, kwa sababu dawa hizo huzuia mapigo kupanda. Amwone daktari wake.

Alfajiri_Coco
Usisahau joto, ndugu. Kwenye hewa nzito ya Dar mwili unapeleka damu nyingi kwenye ngozi ili upoe, na jasho linapunguza maji kwenye damu, hivyo moyo unapiga zaidi kwa kasi ileile. Baada ya dakika 40 mapigo yanaweza kupanda 10 au zaidi bila wewe kuongeza mwendo. Toka saa 11 alfajiri, na yakipanda achia kasi ishuke. Usilinganishe kamwe mbio za alfajiri na za saa 11 jioni.

Kipimo_Kwanza
Mimi 142 siichukui kama sheria, maana watu wa umri mmoja wanapishana sana mapigo. Ipime kwa mdomo: uweze kusema sentensi nzima mbili bila kukatika. Ukikatika kwenye 138, hapo ndipo mpaka wako.

Wiki tatu ni chache mno. Vishipa vidogo vinavyolisha misuli, na uwezo wa misuli kuchoma mafuta, hujengeka kwa miezi. Kila wiki ya nne pima: pasha mwili dakika 15, kisha kilomita 5 kwenye njia tambarare ileile, saa ileile, mapigo 142 muda wote, ukiandika kila kilomita. Ya tano kuwa nyuma kidogo ya ya kwanza ni kawaida. Ikizidi kwa dakika nzima, bado pumzi haijajengeka. Miezi mitatu bila mabadiliko, kagua usingizi kwanza, halafu jiulize kama dakika 10 za mwisho za kila mbio huwa unazikimbiza kupita kikomo.

Siku nne zigawe dakika 45, 45, 60 na 90, na hiyo 90 uifikie kwa kuongeza dakika 5 hadi 10 kila wiki. Mwisho wa mbio moja fupi weka michomoko (vipande vya kukimbia kwa kasi) 5 ya sekunde 20, utembee dakika nzima katikati, miguu isisahau kasi. Wiki 6 kabla ya Moshi ongeza siku moja ya kilima, kwa sababu njia ya 21 inapanda kuelekea Mweka.

Mzizima38
Nimehesabu shingoni asubuhi hii: 35, yaani 140, wakati saa inasema 171. Naitafutia mkanda.