Uzi wa soksi zenye nakshi ya rangi mbili: nichague upi?

Mfumaji wa Njombe
Habari zenu, wafumaji wenzangu. Nimezoea kufuma sweta na kofia za watoto, na sasa nakusudia kumfumia baba yangu soksi za kuvaa mwezi wa Juni na Julai, wakati ambapo baridi ya huku kwetu huingia hadi ndani ya nyumba. Nakshi niliyoipenda ni ile nyota ya petali nane ya Selbu, nchini Norway, ambayo hufumwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Madukani napata zaidi uzi wa akriliki. Wa sufu itanibidi niuagize. Je, akriliki itafaa, au ni afadhali nisubiri sufu? Na kwa nini kipande nilichokifuma kwa rangi mbili hakivutiki kama kile cha rangi moja, ilhali uzi, sindano na idadi ya vitanzi ni vilevile? Nachelea soksi isije ikakwama kisiginoni.

Sindano Tano
Dada, subiri sufu. Mguu hutoa jasho hata wakati wa baridi, na sufu hulinyonya jasho hilo huku ikiendelea kutunza joto, ilhali akriliki hainyonyi takriban chochote, kwa hiyo unyevu hubaki kwenye ngozi na mguu hupoa mara mzee anapoketi. Hata hivyo, sufu tupu husagika upesi kisiginoni na vidoleni, hasa ile ya kondoo wa merino, ambayo ni laini mno. Ndiyo sababu uzi wa soksi mara nyingi huchanganywa sufu 75% na nailoni 25%, na bonge la gramu 100 huwa na takriban mita 400. Bonge moja la kila rangi litakutosha.

Hakikisha lebo inasema kwamba uzi umetayarishwa kustahimili mashine ya kufulia, kwa sababu sufu ya kawaida ikisuguliwa katika maji ya moto hushikamana na kusinyaa, na hairudi tena. Kabla ya kuanza, loweka kipande cha uzi mweusi katika maji ya uvuguvugu pamoja na kitambaa cheupe. Ukiuona weusi kwenye kitambaa, tafuta uzi mwingine.

Mama wa Limuru
Nijibu hilo la pili, mwanangu, kwa kuwa ndilo linalowakatisha tamaa wengi. Katika ufumaji wa rangi moja, kitanzi kikivutwa huazima uzi kwa jirani zake, na ndiyo maana kitambaa hutanuka. Katika rangi mbili, ile isiyotumika hupita kwa nyuma kama mstari ulionyooka, usio na uzi wa ziada wa kuazima, na mstari huo ukishakaza, kitambaa chote kimefika mwisho wake. Basi kila unapobadilisha rangi, tandaza kwanza vitanzi vilivyo kwenye sindano ya kulia, kisha uvute uzi mpya bila kuukaza. Wengine, nami nikiwamo, hugeuza soksi ndani nje wakati wa kufuma, ili nyuzi za nyuma zizunguke upande wa nje, ambako njia ni ndefu kidogo. Rangi ikipita nyuma ya vitanzi zaidi ya 5, uifunge katikati kwa kuizungusha na uzi unaofanya kazi, la sivyo vidole vya mguu vitaunasa wakati wa kuvaa.

Kuhusu idadi, fuma kipande cha majaribio kwa mzunguko, kwa rangi zote mbili, ukihesabu vitanzi katika sentimita 10. Tuseme umepata 34 na mguu wa mzee una mzunguko wa sentimita 22. Soksi ya rangi moja hufumwa ikiwa ndogo kuliko mguu kwa takriban 10%, lakini hii ya nakshi isipungue zaidi ya 5%, yaani sentimita 21, ambazo ni vitanzi 71 na kitu, fanya 72. Idadi hiyo hugawanyika kwa 8, 12, 18 na 24, hivyo chagua nakshi yenye upana wa mojawapo.

Usisahau kupima mzunguko wa mshazari, kutoka ncha ya kisigino hadi juu ya mguu, kwa maana hapo ndipo soksi hukwama. Kwa maoni yangu, weka nyota kwenye sehemu ya juu ya kifundo tu, kisha kisigino na wayo uvifume kwa rangi moja, ukipunguza hadi vitanzi 64. Ndani ya kiatu hakuna anayeiona nakshi, na soksi itavalika kwa urahisi zaidi.

Mfumaji wa Njombe
Nawashukuru sana, nitaagiza sufu. Mama, nataka nyota nyeupe ionekane waziwazi juu ya weusi. Kuna namna ya kuzishika nyuzi?

Mama wa Limuru
Ipo. Rangi ambayo uzi wake hupita chini, kwa nyuma ya kitambaa, hutoa vitanzi vikubwa kidogo na huonekana zaidi. Kwa hiyo mweupe upite chini na mweusi juu, mzunguko baada ya mzunguko. Ukishika uzi mmoja kila mkono, mweupe uwe mkono wa kushoto. Usibadilishe mikono katikati ya kazi, wala unapoanza soksi ya pili, maana nyota za soksi moja zitafifia kuliko za mwenzake.